Nilijua Dhoruba Inakuja

Shoga, tuko hai wote kumi na wawili. Lakini usinipe pole, sistahili.

Unaikumbuka ile safari ya nje niliyowaandalia mafundi wenzangu wa cherehani? Jana dhoruba iliezua paa la hoteli. Shangazi yangu, tuliyesafiri naye, amevunjika mkono.

Na mimi nilijua!! Siku ya kuondoka nilisoma onyo kwenye simu. Tukiwa uwanja wa ndege shangazi akaniuliza, "Hiyo dhoruba wanayoisema vipi?" Nikamjibu, "Imeshageuka."

Imeshageuka! Niliogopa wataghairi, na mwaka mzima nimewabembeleza.

Sasa hivi hapa wodini shangazi amempigia mumewe, ambaye alimsihi asisafiri. Mzee anafoka. Shangazi anamwambia, "Usimlaumu mtoto, hakujua."

Hakujua. Kasema mara mbili, huku kanishika kwa ule mkono wake mzima.

Nikashindwa. Nikaichukua simu: "Mzee, nilijua. Niliwadanganya."

Kisha akauliza taratibu, "Na yeye amekusikia?"

Amenisikia, shoga. Ameniachia mkono, akageukia ukutani.

Nimekaa pembeni ya kitanda chake. Naogopa hata kumuuliza kama anataka maji.