Daraja la Nusu Mbili

Jumatatu, 12 Julai 1852

Mafuriko yalibeba daraja la zamani pamoja na mbuzi wa mchungaji. Leo mkutano. Mto ndio mpaka kati yetu wa mji wa Tarbell na wale wa Quimby ng'ambo, kwa hiyo wakubwa wamekata shauri: kila mji utajenga nusu yake. Kwa mafundi wake! Kaka Asahel, mwenyekiti wetu, kasema hatutatoa jasho kwa ajili ya wezi wa mbao. Shemasi Crandall wa Quimby kajibu kwamba hata wao hawautaki mkono wetu. Makofi pande zote. Nikauliza nusu daraja humfikisha mtu wapi. Nikaambiwa wanawake hawana kura.

Wifi Thirza, mke wa Asahel, alicheka peke yake. Ana mimba changa. Watoto wake wawili wa kwanza tumewazika, wote walizaliwa mkunga akiwa bado njiani. Na mkunga, Mama Pettingill, anakaa ng'ambo.

Ijumaa, 8 Oktoba

Paa la daraja limekwisha. Nusu mbili zimekutana katikati — au tuseme karibu zikutane. Yetu imepanda juu ya yao kwa upana wa vidole viwili. Mafundi wetu wamekunja tao la mbao. Wa Quimby wamepishanisha mbao kama wavu na kuzifunga kwa vigingi vya mwaloni. Ukilitazama kwa nje ni ghala moja refu. Ndani, ndoa ya kulazimishwa.

Kuna aliyeuliza paa la nini. "Mvua na theluji huozesha mihimili," kaka akasema. "Daraja likivaa kofia litatuzika sote." Kwa mara ya kwanza Shemasi akatikisa kichwa kukubali. Kisha akakumbuka ni nani aliyesema, akaacha.

Alhamisi, 9 Desemba

Theluji imefika madirishani. Ndani ya daraja pakavu kabisa! Kofia inafanya kazi. Ila sleji, magari ya theluji yasiyo na magurudumu, hazitelezi juu ya mbao kavu. Vyuma vyake vinapiga ukelele unaosikika mpaka jikoni kwetu, na farasi wanagoma. Miji mingine yenye akili huingiza theluji darajani kwa beleshi. Ndiyo — tumejenga paa kuizuia theluji, sasa tuibebe tuiingize wenyewe. Sawa tu.

Lakini nani aanze?

"Quimby waanze," anasema kaka. "Sisi ndio tulioanza kuezeka."

Shemasi naye, nasikia, ataanza siku Tarbell itakaposhusha vidole vyake viwili. Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Sisi tumepata nusu zote mbili.

Jumanne, 28 Desemba

Farasi wa Mama Pettingill alisikia ukelele wa vyuma pale darajani, akaruka. Mkunga chini. Mguu umevunjika. Kwenye sleji ataketi, kutembea hawezi, na kumbeba mama yule ni kazi ya wanaume wanne wasio na kiburi. Tutawapata wapi?

"Kaka, mwaga theluji."

"Nikitangulia mimi, watasema tumepiga magoti."

"Na mkeo?"

"Bado wiki tatu, Keziah. Usinikoroge."

Wiki tatu! Bila shaka mtoto ana kalenda humo ndani.

Jumapili, 9 Januari 1853

Hana kalenda. Uchungu umeanza asubuhi, kabla ya ibada. Jirani kavuka kwa miguu kumwita mkunga.

Thirza hapigi kelele. Hilo ndilo linalonitisha. Ameniambia, "Wifi, safari hii nikienda, mwambie Asahel daraja lake ni zuri." Hata kejeli zangu kaninyang'anya. Nimetoka nikamwambia kaka yote, neno kwa neno. Alikuwa amesimama na kitabu cha nyimbo mkononi. Amekiweka juu ya bakuli la maharage, akachukua beleshi, akaenda bila kofia.

Naandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameushika Thirza, atanivunja vidole. Dirishani naona mlango wa daraja. Asahel anachota theluji, anaingia, anatoka, anachota tena. Anaanguka, anaamka. Mungu wangu, fanya haraka.

Shemasi Crandall katokea ng'ambo! Ana kitu kirefu mkononi. Beleshi au bakora, sioni. Ameingia. Asahel naye yumo ndani, hatoki. Paa limewafunika wote wawili. Hongera kwa waliotaka paa.

"Vipi?" anauliza Thirza.

"Wanazungumza," nimemwambia. Sijui.

Kengele. Kengele za sleji ya Mama Pettingill, zinashuka kilima cha ng'ambo. Zimeingia darajani. Ninasubiri ukelele.

Nusu ya Quimby — kimya! Kengele tu. Nani kaimwagia theluji, ndugu yangu au Shemasi, paa ndilo linalojua.

Wamefika katikati, kwenye vile vidole viwili. Kengele zimesimama: sleji imekwama. Thirza amenikaza mkono, anasema mtoto hangoji. Asahel, Shemasi, vuteni, jamani! Sukumeni —