Sabuni niliyomwaga kisimani kwenu

Ntandu, ndugu yangu,

Nakuandikia nikiwa Mgori, nimejibanza nyuma ya zizi la baba yako. Mbele ya nyumba wamekaa watu, na uso umeumbwa na haya.

Tulikuja kuweka msalaba kwenye kaburi lako, wenzako wote wa kikosi cha kusafisha mafuta bandarini. Tulileta na jenereta ili nyimbo zisikike hadi kwa majirani. Niliiweka mimi karibu na kisima, kwa kuwa waya uliishia hapo. Dumu la dizeli likaanguka, dizeli ikamiminika mpaka ndani ya kisima. Dada yako Nyahori alikuwa ameshaleta kata na blanketi kuukuu, aengue mafuta yakiwa bado juu. Nikamzuia. Nikasema, "Ngoja dada, hii ndiyo kazi yetu." Nikaagiza sabuni ya maji, nikamwaga, nikakoroga kwa mti mrefu. Ule utando wa rangirangi ukapotea. Watu wakapiga makofi, Ntandu. Nami nikayapokea.

Asubuhi chai ilinuka dizeli.

Unajua nilipokosea, maana wewe ndiwe uliyenifundisha. Siku ile ya mazoezi, tumevaa mabuti yanayobana, nilikimbilia dawa ya kutawanya mafuta, ndugu wa sabuni, ukanishika mkono. Ulisema dawa haiondoi mafuta, inayakatakata tu. Wanaoyala ni vijidudu, na kijidudu hana haraka ya bosi. Zuia kwanza, kusanya, dawa iwe ya mwisho, tena baharini kwenye maji mengi na mawimbi. Nilikariri hadi nikapata cheti. Kisima cha kwenu kina upana wa meza, wimbi litoke wapi? Mafuta ambayo Nyahori angeyatoa kwa kata, mimi nikayachanganya na maji yote.

Lakini hilo silo linaloninyima usingizi. Jioni yake mama yako aliniletea maji ya kunawa, maji aliyoyafuata mbali, akasema taratibu, "Usijisumbue, mwanangu. Si ndivyo mwenzio alivyokufundisha?"

Nikanyamaza. Neno moja tu, hapana, likanishinda. Kimya changu kikazunguka kijiji, na sasa wanasema elimu ya Ntandu imeharibu kisima cha kina Ntandu. Umelala pale chini ya saruji mbichi, umebebeshwa kosa langu. Naona aibu hata kuandika jina lako.

Wenzetu wamerudi Dar, mimi nimeomba likizo. Maji mabaya tumeyavuta tukayamwaga kwenye shimo lililotandikwa turubai. Udongo ulioinywa ile dizeli tumeuchimba, tukauchanganya na samadi, nami naugeuza kwa jembe na kuunyunyizia maji ili vijidudu vyako vipate hewa na chakula. Ng'ombe wa baba wamesaidia kuliko cheti changu. Harufu inapungua kidogokidogo, ila maji ya kisima yalipopelekwa kupimwa mjini, jibu lilikuwa kwamba bado si salama. Naswaga punda mwenyewe kwenda kuchota mbali, na watoto wananiita Bwana Sabuni. Wana haki.

Leo asubuhi nilimkuta mama yako anapepeta mtama. Shikamoo yangu haikutoka vizuri. Nikapiga magoti, nikamwambia kwamba Ntandu alinikataza, mimi ndiye sikusikia. Akaweka ungo chini. Akasema, "Kwa hiyo mwanangu alikuwa anajua."

Akaniambia nirudie. Nikarudia. Alilia, Ntandu, huku anatabasamu, akainuka kwenda kumwita baba aje asikie na yeye.

Jumapili, ibada ikiisha, nitasimama palepale nilipopigiwa makofi niyaseme hayohayo mbele ya wote. Na siondoki Mgori mpaka maji yapimwe yaonekane salama, mama achote tena nyumbani kwake. Pumzika, ndugu yangu. Jina lako nalisafisha palepale nilipolichafulia.

Mwenzio,
Yona