Vibanio Nimeondoka Navyo

Baba, shikamoo. Chai iko kwenye chupa. Barafu iko kwenye friji. Ifunge kwa kitambaa, ujiwekee kifuani.

~~Vyuma usiviguse tena.~~ Vyuma tutavinyanyua pamoja jioni, nikitoka kazini. Vile vibanio vya kuzuia uzito usichomoke kwenye ncha za chuma nimeondoka navyo.

Mtu akinyanyua amelala chali, tena peke yake, hafungi vibanio. Akilemewa anainamisha chuma upande mmoja, uzito unadondoka, anatoka. Wewe ulivikaza kama vile vyuma vitatoroka! Asubuhi nimekukuta chuma kimekulalia kifuani, eti unapumzika.

Nilikuwa chumba cha pili, macho. Kwa nini hukuniita? Nilipokuwa mdogo, kila nikikwama nilikuita wewe, wala hukunicheka hata siku moja.

Bintiyo