Dumu Moja kwa Watu Watano

Mama,

Shikamoo. Nimekaa kwenye kigoda chako cha jikoni, hapa Kiwalani, miguu imevimba kwa kupanga vyombo. Nimechoka, mama. Ingekuwa uchovu wa kazi ungenipikia uji, ukaisha. Arobaini yako imepita, na wanao watatu wengine wamesharudi Mwanza, Dodoma na Songea, mbio mbio kama walivyokuja. Nimebaki mie mwalimu, kwa kuwa shule zimefungwa.

Juzi Mama Zuhura, mjumbe wetu, alikuja kunisaidia kufunga magodoro. Katikati ya kazi akaguna, akasema kuna jambo limemkaa rohoni tangu siku ya sensa. Yeye ndiye aliyemzungusha karani nyumba kwa nyumba hapa mtaani. Walipofika kwako walikuta vitanda vyote umevitandika na sufuria kubwa iko jikoni. Karani akauliza ni nani na nani waliolala humu usiku wa kuamkia siku ile. Ukajibu watano. Ukawataja mmoja mmoja: wewe mwenyewe, Fidelis, Neema, Yosefu na mie. Umri wangu ukasema kumi na tisa.

Mama, nina miaka arobaini na moja. Kumi na tisa ndio umri niliotoka nao humu kwenda chuo cha ualimu.

"Nikanyamaza, mwanangu," Mama Zuhura aliniambia. "Ningemuumbuaje mtu mzima mbele ya kijana wa watu?" Simlaumu. Wala karani simlaumu, maana siku hiyo hiyo nami nilikuwa karani kule Mbezi Luis, nimevaa kizibao, kishikwambi mkononi, najiona mtu. Kwenye mafunzo walituambia tusibishane na mkuu wa kaya. Walisisitiza pia kwamba kila mtu ahesabiwe mara moja tu. Mie nimehesabiwa mara mbili, kwangu na kwako, na kwako sikuwepo.

Nawe ulikuwa umeniita. Wiki moja kabla ulinipigia simu: "Siku ya kuhesabiwa utakuja kulala?" Nikacheka. Nikakwambia, mama, mie ndio nahesabu watu, nitakuja saa ngapi, na wewe hata ukiwa peke yako utahesabiwa tu. Ukasema, "Haya mwanangu, kazi njema." Nikakata simu nikaendelea na yangu. Najichukia kwa kile kicheko.

Kumbe na majirani uliwaambia hivyo hivyo, kwamba watoto wanaingia usiku na kutoka alfajiri, jiji hili ndivyo lilivyo. Wakakuamini, au wakakusitiri kama Mama Zuhura. Kwa hiyo ulipoanguka hakuna aliyeshtuka kuona mlango umefungwa. Siku mbili, mama. Nashindwa kuliandika hili vizuri.

Aliyegonga ni muuza maji, yule wa mkokoteni. Asubuhi mbili mfululizo hakuliona dumu lako pale mlangoni. Msibani alinivuta pembeni akaniambia alijua siku nyingi kwamba unaishi peke yako. Nikamuuliza, nani kakwambia? Akasema, "Sista, watu watano hawawezi kumaliza siku na dumu moja."

Hana kishikwambi wala mafunzo, na ndiye aliyekuhesabu sawasawa. Sie makarani tuliuliza maji mnayapata wapi. Madumu mangapi, hatukuuliza.

Nina jambo jingine la kukiri, na ni wewe tu ninayeweza kukwambia. Kaya ya mtu mmoja ilikuwa inatufurahisha, kwa sababu inaisha haraka. Nyuma ya stendi ya Mbezi nilimkuta mzee mmoja, fundi cherehani aliyeacha kazi kwa sababu ya macho. Yeye hakudanganya. Alisema, "Niko mwenyewe." Nikabonyeza moja, nikaenda na maswali chapuchapu. Nilipofunga akaniuliza, "Yameisha?" Kumbe alikuwa ameshateleka chai. Nikamshukuru, nikaandika namba mlangoni kwake kwa chaki, nikaondoka kwa moyo mweupe kwamba leo nitamaliza mapema. Sijawahi kupita tena, na ni dakika kumi kutoka kwangu.

Ungekuwepo ungesema, "Sasa unalia nini, maji yakimwagika hayazoleki." Najua. Lakini yale ya kwako ndiyo yaliyomwagika; ya yule mzee bado.

Sitakuahidi kwamba tutakutana humu wote wanne. Fidelis anasema Krismasi, na Krismasi zake unazijua. Nimechoka kuahidi kwa niaba ya watu. Naahidi la kwangu tu. Sufuria kubwa naondoka nayo. Jumamosi nitakwenda kwa yule mzee, bila kizibao. Nitamwamkia, nitamuuliza anatumia madumu mangapi kwa siku, na akiteleka chai nitakaa mpaka ichemke.

Kwaheri, mama yangu. Usiku wa leo nalala hapa, kwenye kitanda ulichonitandikia. Nisamehe nimechelewa.

Mwanao wa miaka kumi na tisa,
Tumaini