Mashini Mbili Chini ya Vitenge

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Jandarmeri, Lubumbashi. Alhamisi, tarehe 16 Juni 1988, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mbele ya adjidan Mukuka.

Jina: Citoyenne Mwape Bwalya. Umri: miaka sitini na mbili, kwa kukadiria. Kazi: kusafisha biro ya mipango ya mugodi. Makao: Katuba. Shule: mwaka wa pili wa msingi.

Futa hapo, Mukuka. Umeandika "kitambaa fulani". Mimi nilisema kitenge cha Chama, ile yenye mwenge. Muntu mwenye bastola kiunoni anaogopa kitenge? Kaa muzuri, andika vile ninasema.

Mnamo tarehe 9 Februari, siku ya Jumanne, saa nane ya mchana, nilikuwa ku kazi. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, ile mvua ya polepole, na madirisha yote yalikuwa meupe, kama biro inaelea mu maziwa. Ku meza kulikuwa ordinatere mbili mupya, zile mashini za kuhesabu. Balitaka kuchagua moja, sababu ile ya zamani ilishindwa na programu inayochora mugodi na kuhesabu uzito wa mawe juu ya kila nguzo. Mwenye kuifahamu ile programu ni mumoja tu, Amida Alimasi, ule munamufungia hapa nyuma.

Mbele ya kuanza, Amida alikuja kwangu. Aliniambia kama bale mabwana batano ba komisyo ya kuchagua, kila mumoja atapenda mashini ya nchi kwenye alisomea, basi bora kufunika majina na kuacha vioo tu wazi. Ananiita Kambo, ni kusema bibi, hata kama sikuzaa mama yake. Alisema, "Kambo, nikopeshe vitenge mbili." Nilitoa moja ya ndege na moja ya mwenge, ile balitugawia siku ya sikukuu ya Chama. Sikuwaza kitu.

Amida aliwasha zote mara moja. Mimi nilipangusa kolidoo, mulango ukiwa wazi. Ku kioo ya mashini ya ndege, mistari ya kijani ilitoka, ikajikunja, ikashuka, na nikaona mugodi. Bwana yangu Kasonde, Mungu amupumzishe, alishuka mule miaka makumi mbili na mbili, na nikimuuliza kuko namna gani alisema tu, "Kuko giza." Sasa niliona barabara zake zote, bila vumbi, bila muntu, zinageuka polepole kama mugodi ulikuwa unalala na kujipindua ubavu. Maji ya ndoo yalipoa. Mpaka leo nikisinzia kidogo, ninatembea mule, na miguu yangu haiumi.

Ndege ilimaliza saa nane na dakika kumi na mbili. Saa iko ku ukuta, na kusoma saa ninajua. Ile ya mwenge, nilimaliza kolidoo, nikaosha vikombe, ikafika saa tisa na robo, ilikuwa ingali ku barabara ya kwanza. Kisha ikasimama. Haikusonga tena.

Amida aligawa vipande vya karatasi, kila bwana aandike mashini gani imeshinda: ndege ao mwenge. Mumoja alikohoa. Directeri Numbi, mukubwa wa bale batano, aliangalia kalamu yake muda murefu, akasema polepole, "Citoyens, muwaze vizuri mbele ya kuandika."

Hakuna aliyetaka mukono wake uandike kama mwenge wa Chama umeshindwa. Karatasi tano, mwenge tano. Wanaume banene, na mikufu ya saa, na bote balikuwa banaangalia chini kama batoto balikojoa ku mukeka.

Amida alikusanya vitenge. Aliniambia, "Kambo, ungeleta ya maua." Tulicheka kidogo. Ilikuwa kicheko kibaya.

Basi balinunua ile ya mwenge, ile ilisimama. Ya ndege ilirudi mu sanduku yake, iko ku depo, mulango wa tatu, ninapangusa vumbi yake kila Ijumaa. Ile ya mwenge ilijikokota, na wiki mbili sasa imesimama kabisa, plani ya nguzo haitoki. Jumanne hii Numbi aliandika kama Amida aliharibu mashini kwa makusudi, na ninyi mukamubeba. Alikuwa anakunywa chai. Kikombe chake kingali pale, sijakiosha.

Amida hakuharibu kitu. Kitenge kilikuwa changu, na woga ulikuwa wa bale batano. Numbi mwenyewe anajua, aliniona nikiangalia.

Nimemaliza, na sijaongeza hata neno. Nimeweka kidole.

(Alama ya kidole gumba, mukono wa kuume: Mwape Bwalya)

Nimemusomea shahidi maelezo yake katika Kiswahili, ameyakubali. Shahidi hajatoka mu biro. Ameomba yaongezwe maneno haya, nami nimeyaandika vile alivyoyasema. Adjidan Mukuka.

"Jumatatu saa kumi na mbili ya asubuhi, wanaume makumi munane banashuka kuchimba, na hakuna anayejua nguzo gani imechoka. Acha kuniangalia, baba. Fungua ule mulango, mutoe Amida, mumupeleke ku depo leo, na mashini ya ndege iwashwe mbele ya jua kushuka."