Maandazi Niliyokunyima

Kamwene Bibi, mke wangu,

Kuanzia Uyole mpaka Tosamaganga hajazaliwa daktari wa kunifikia mimi. Nasema hivyo na kidato changu cha pili, tena hicho cha pili chenyewe sikukimaliza, nilikionja tu. Wao wamesoma mpaka macho yamewaingia ndani, wakakwambia "Bibi, punguza kula usiku," wakakuandikia na karatasi, na wewe ukaikunja ukaifanya kizibo cha chupa ya mafuta ya taa. Mimi kwa sufuria moja na mfuniko wake nilikutoa kwenye maandazi ya usiku uliyokuwa unayala tangu kabla mama yangu hajaota meno. Kitenge chako cha njano, kile kilichokuwa kinakuzunguka mara moja kwa kubembelezwa, kikaanza kukuzunguka mara mbili na pindo likabaki la kufungia ugoro. Nani mwingine Ilomba nzima amefanya kazi kama hiyo? Ajitokeze.

Najua ungejibu nini. "Mume wangu, majivuno yako yangekuwa mkaa, tusingenunua gunia."

Sasa sikiliza. Mama Mdogo amepiga simu kutoka Iringa. Amepimwa, naye ana sukari. Amesema, "Festo mwanangu, njoo unikalie hata miezi mitatu, unipikie vile ulivyompikia mama. Mimi simwamini mtu mwingine." Ananitegemea Jumamosi. Ameshanitandikia hata kitanda. Leo ni siku ya nne simu yake inaita, naitazama, halafu naigeuza kifudifudi juu ya meza. Mimi, Bibi! Mimi ninayeuza viatu vya mtumba Mwanjelwa kwa maneno, ambaye nimewahi kumuuzia mtu viatu viwili vyote vya kushoto akaondoka anashukuru, nimekosa neno la kumwambia Mama Mdogo.

Ngoja nianzie mbali, nikianzia karibu nitakimbia.

Nyumba ni ileile. Baridi ya mwezi wa sita imeisha, vumbi limeanza, kuku wako mwekundu ametamia na anamdonoa kila anayesogea, amerithi tabia zako. Kigoda chako kipo jikoni. Nilikipeleka stoo, usiku ule ule nikakirudisha, maana jiko lilikuwa linanitazama vibaya.

Na usiku wenyewe, Bibi. Usiku silali. Ikifika saa tano na kitu nasikia kifuniko cha chupa ya chai. Unakumbuka ulivyokuwa unakifungua, unakikandamiza kwa kiganja halafu unakizungusha kinalia krii, kama mlango wa jirani. Ndivyo kinavyolia. Natoka kitandani, nawasha taa, chupa ipo juu ya kabati, imefungwa, haina kitu hata tone. Narudi kulala. Kidogo tu nasikia ndala zako zinaburuza. Mimi niliyekatiza makaburini usiku kwa ajili ya soda moja ya kubishana na wenzangu, sasa nalala na redio imewashwa kama mtoto. Mama Sekela wa nyumba ya pili ameniambia eti marehemu huzunguka kidogo nyumbani kabla hajatulia, nisiogope. Nikamwambia siogopi. Akaniletea uji.

Unataka nini, Bibi? Kama ni andazi, sema.

Nilijua lile andazi lilikuwa la nini, usidhani sikujua. Ulinisimulia siku ile umeme umekatika. Babu akiendesha lori la mchele, anatoka Chimala na giza, anafika hapa saa tano. Wewe unamngoja na chai ya maziwa na maandazi mawili umeyafunika kwa sahani ya bati, moja lake na moja lako. Anakula buti zikiwa bado miguuni. Alipofariki ukaendelea kupika chai saa ileile, ukaendelea kuyafunika mawili, ila sasa unakula yote mwenyewe. Uliniambia, "Moja langu, moja lake, na vijiko vitatu vya sukari kwa kila mmoja." Ukacheka. Mimi pia nikacheka. Hapakuwa na cha kuchekesha.

Ndipo zikaja zile safari za kliniki. Nesi akasema sukari imepanda, presha imepanda, uzito umepanda, akashika kalamu kama fimbo akaniuliza, "Wewe kijana ndiye unayekaa naye?" Nikajibu ndiye mimi, mume wake. Dada wa dirisha la dawa akacheka, na mimi nikaona nimempata. Nesi alieleza mambo mengi siku ile. Nilibeba moja: andazi la usiku liondoke. Yale mengine aliyaeleza nikiwa nimegeuzia shingo dirishani.

Basi nikaanza ufundi wangu. Usiku wa kwanza nikakukatia tango, nikalipanga kwenye sahani kwa mduara, nikaminya na ndimu, nikafunika na ile ile sahani ya bati ili usishtuke. Ulifunua. Ukalitazama tango, ukanitazama mimi, ukasema, "Mume wangu, nimekukosea nini?" Ukalila lakini, kipande kimoja kwa robo saa, na mwisho ukaniambia tango halijui kungoja mtu. Sikukuelewa. Sasa naelewa, maana na mimi nimejaribu kulila saa tano ya usiku peke yangu. Linapigia kelele meno tu, halikai na wewe.

Usiku uliofuata parachichi. Nikajisifu mtaa mzima kwamba tunda halinenepeshi, nikakupa zima, lile kubwa la Tukuyu, kila usiku kwa wiki nzima. Tuliporudi kliniki nesi alicheka mpaka akavua miwani. Akasema robo tu inatosha, zima ni sawa na kurudi kwenye maandazi kwa njia ya shambani. Ulifurahi siku hiyo! Njia nzima ulikuwa unamwambia kila tunayekutana naye, "Huyu ndiye daktari wangu."

Nikaleta boga la kuchemsha. Ukasema linakukumbusha mwaka wa njaa. Nikaleta mtindi nilioengua mafuta juu. Ukasema hata ndama angelalamika. Ndipo nikagundua bisi, na hapo unipe haki yangu. Mahindi kiganja kimoja, sufuria kavu bila hata tone la mafuta, mfuniko, natikisa. Yakaanza kulia pa, pa-pa-pa, ukaacha ulichokuwa unafanya ukasikiliza. Ukasema, "Kama lori la babu yako linavyopiga kokoto pale kona." Kuanzia usiku huo hukuuliza andazi kwa nguvu tena. Bakuli la bisi, kikombe cha mchaichai na tangawizi, bila sukari. Ulikuwa unazila moja moja, unahesabu kimoyomoyo, na nyumba inanukia shamba. Ukapungua. Ukaanza kupanda ule mlima wa kisimani bila kusimama. Na mimi nikajiona mganga. Nikachukua kopo la sukari, lote, nikampelekea Mama Sekela, nikamwambia nyumba hii imehama huko.

Lakini wewe nawe ulikuwa mjanja, tuseme ukweli. Utani wa kwetu wa bibi na mjukuu ulikuwa umeuvisha viatu. Unakumbuka siku ulipojilaza kwenye kochi, macho juu, mikono inatetemeka, sauti imekwisha kabisa, "Mume wangu, naondoka, nipe andazi la kuniaga." Nilikimbia peku mpaka gengeni kwenye baridi, nikarudi nalo kwenye gazeti, roho iko mdomoni. Ukafungua jicho moja. Ukalitafuna lote umelala vilevile. Halafu ukaketi ukasema, "Nimepona." Kesho yake kila mtu genge zima ananiuliza mgonjwa anaendeleaje. Baada ya wiki mbili ukanifanyia tena, safari hii na kukoroma juu, nikakimbia tena, pumbavu mimi. Wakanitungia na jina pale: Ambulensi.

Nikaapa hutanipata mara ya tatu.

Ulipofariki nilisimamia kila kitu, usije ukaambiwa nililia tu. Nililia pia. Tulikusafirisha kwenda kwenu kama ulivyotaka, ulazwe karibu na Babu. Pale Chimala gari likasimama, akina mama wakasogea dirishani na mabeseni, na harufu ile ikaingia. Nikanunua maandazi mawili. Sikuweza kula, sikuweza kutupa. Yalikwenda mfukoni mwa koti mpaka makaburini, nikarudi nayo Mbeya yamekuwa magumu kama matofali, na mpaka leo yapo kwenye mfuko wa koti, sijui niyafanye nini.

Kwenye msiba walinisifu, Bibi. Laiti ungesikia. Mchungaji alinitaja, akaniita nisimame. Akina mama wananishika kichwa, "Mjukuu wa mfano, kijana wa kiume kumtunza bibi hivi." Mama Mdogo alinikumbatia mbele ya watu akasema mama yake amekufa akiwa mwepesi, amekufa usingizini, amekufa vizuri, kwa sababu yangu. Kila aliyeniuliza usiku ule ulikuwaje nilimjibu hivyohivyo: alikula bisi zake, akalala vizuri, asubuhi hakuamka. Nimelirudia mpaka limekuwa laini mdomoni.

Wiki iliyofuata nikarudisha kliniki vidonge vyako vya sukari vilivyobaki. Ningeweza kuvitupa. Sijui miguu ilinipelekaje. Nesi alivipokea, akavihesabu. Akaniuliza kama tulipopunguza chakula tulirudi kupunguziwa dawa. Nikasema dawa ulimeza kama kawaida, mimi mwenyewe nilikuwa nakusimamia, hata siku moja hukuruka. Nilisema kwa kujivuna, Bibi. Hata pale bado nilikuwa najivuna. Akaweka mkono juu ya meza akasema polepole, kama mtu anayerudia alichokwisha kusema, kwamba vidonge vile vinashusha sukari, na mtu akila kidogo vinaishusha mpaka chini kabisa, na hapo hutetemeka, hutoka jasho hata kwenye baridi, huomba kitu kitamu. Anapewa palepale. Sukari, soda, asali, chochote kilichopo.

Akaniuliza, "Usiku ule alitetemeka?"

Nikasema, "Hapana, nesi. Alilala vizuri."

Hilo ndilo linalonigeuzia simu kifudifudi. Mama Mdogo anameza vidonge vya aina ileile. Nikienda na sufuria yangu na sifa zangu nikakaa kimya, naye atapungua, naye atanisifu, na usiku mmoja atanyoosha mkono. Nisipokwenda atajipikia mwenyewe, bisi na mchaichai, kama alivyosikia kwa watu kwamba Festo alimfanyia mama.

Kwa hiyo Jumamosi napanda basi la alfajiri. Nakuahidi, Bibi, na hii ahadi siyo ya Mwanjelwa. Kabla sijavua koti nitamkalisha nimweleze usiku ule ulivyokuwa, wote, bila kuuremba. Halafu nitampeleka kliniki mkono kwa mkono, dawa na chakula viangaliwe pamoja, na safari hii nitasikiliza mpaka neno la mwisho hata kama dirishani kuna malaika. Sukari itakaa mezani kwake, karibu na kitanda, kwenye kopo lisilo na mfuniko. Akinifukuza, nitaondoka. Akinipiga, nitasimama nipigwe. Jina la mjukuu wa mfano litaishia hapo, walichukue wenyewe.

Wewe lala sasa. Msalimie Babu, mwambie avue buti. Nikifika huko nitapita kwenu, nitafyeka majani, nitakaa kidogo.

Ila ngoja, usilale kwanza.

Watu wote nitawaambia nilidhani ni utani, na hata Mama Mdogo huenda akanihurumia kwa hilo. Ni kweli nilidhani, uliponiita, na uliposema "Festo, chai ya sukari," na nikakucheka nikasema mke wangu leo umejitahidi. Nilidhani mpaka uliponishika. Mkono wako ulikuwa wa baridi na umelowa chapachapa, vidole vinacheza vyenyewe. Na hukuniita mume wangu, Bibi, uliniita jina langu. Mtu hawezi kuigiza jasho. Nililijua hilo palepale nimesimama, silo nililofundishwa na nesi baadaye. Taa ya Mama Sekela ilikuwa inaonekana dirishani, alikuwa macho, na sukari yetu ilikuwa kwake, hatua thelathini. Lakini ulikuwa umeshanishinda mara mbili, na mimi nilitaka mara moja tu nishinde. Nikavibandua vidole vyako kwenye mkono wangu, kimoja kimoja, nikakuwekea bakuli la bisi mapajani, nikazima taa.