Yule Mama Aliyekunyamazia

Nekesa mjukuu wangu,

Hujambo huko Bungoma? Sisi Kitale tuko salama, ila nyanyako bado ananinunia.

Ati mama aliyefiwa na mtoto anakuandikia mtandaoni kwamba ameshindwa kusali, nawe unamtumia novena tisa, kila moja sala za siku tisa, kisha unaniuliza mbona amenyamaza? Wewe bana! Hata mimi ningekuzima.

Nikiwa katekista kijana, nilimhubiria mama kama huyo mpaka akachukua jembe, akaniacha nikiongea, akaenda kupalilia mahindi. Katekista mzee akanikemea, "Si unyamaze, Baba Mtakatifu!" Akamfuata, wakapalilia kimya. Walipofika mstari wa tatu wa mahindi, mama mwenyewe akaanza Baba Yetu.

Basi muulize mama huyo mtoto wake aliitwa nani. Halafu ngoja, hata wiki nzima, vidole vikiwa mfukoni.

Babu yako msumbufu